Nyigu wa Kasian

Benedicta aliinama kwenye hadubini kama alivyoelekezwa. Aliona nyigu mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi, amegundishwa kwenye kipande cha karatasi ngumu kilichochomwa pini. Nyuma ya tumbo alikuwa na mkia mwembamba kama uzi.

"Huo ndio wa kutagia," alisema Asukile, msaidizi wa maabara hapo Iyunga. "Anamchoma kiwavi, anaacha yai ndani. Mtoto akianguliwa anamla kiwavi polepole, kiwavi bado anatembea."

"Na huyu ndiye aliyemuua mwanangu."

"Tawi ndilo lililomuua, mama."

Kasian alikuwa mwanawe wa pekee. Kazi yake ilikuwa kukusanya wadudu wa aina hii katika msitu wa juu ya Nyololo. Tawi lilikatika naye. Walipomwokota, kichupa kilikuwa mfukoni, hakina hata ufa, na nyigu yumo.

Bwana Carr, mtaalamu, alikuwa amemtafuta nyigu huyo katika vitabu vyote na hakumkuta. Sasa alikuwa akiandika sifa zake: mishipa ya mbawa, vinyweleo, rangi ya miguu. Lilibaki jina. Alitaka kumwita nyigu kwa jina la Kasian.

"Likishachapishwa halifutiki," alisema Asukile. "Dunia nzima itamjua."

"Hapana."

"Mama, Wazungu wenyewe wanaililia heshima hii."

"Waache walie. Ninyi watu wa huku, wala ndizi, mnawapa wadudu majina ya watu? Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi minane. Kwetu jina la marehemu linamngoja mtoto. Likichukuliwa na huyu mla wadudu wenzake, mjukuu wangu ataitwa nani?"

"Je, akiwa wa kike?"

"Ataitwa Kasiana. Usinifundishe."

Bwana Carr alisema angeweza kusubiri mpaka mtoto azaliwe.

"Usisubiri," Benedicta alimjibu. "Tafuta jina jingine."

Akachukua shuka na viatu vya mwanawe, akapanda basi la Iringa.

Matilda, mkwewe, alishikwa na uchungu mwezi uliofuata. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Mkunga alimpigapiga mgongo, akampulizia mdomoni, kisha akamfunika. Mtoto asiyelia hapewi jina. Wanawake walimzika nyuma ya nyumba, bila padri, bila kengele.

Matilda alikaa siku nyingi akitazama ukuta. Ndugu zake walipokuja kumchukua kumrudisha kwao, alisimama mlangoni.

"Mama, lile jina liko wapi?"

"Lipo."

"Hapa hakuna tena wa kulibeba. Mpelekee yule mdudu."

Benedicta alirudi Iyunga mvua zilipokatika. Asukile alimkaribisha kiti, lakini yeye hakukaa. Alisema amekuja kumpa nyigu jina la Kasian.

Asukile akavuta droo. Nyigu alikuwa palepale kwenye pini yake, na chini yake kibandiko chekundu chenye jina la Nyololo.

"Ndilo jina lake sasa, mama, na limeshachapishwa. Hata Bwana Carr hawezi kulibadili." Akaifunga droo. "Lakini msituni kule wako wengi ambao hawajapewa majina. Tutampata mwingine."

"Nani atapanda mti kumtafuta?"

"Wameajiri kijana mwingine."

"Ana mama?"

"Anaye."

"Basi mwambie ashuke," alisema Benedicta, akatoka.