Raundi ya Saba

Kama kuna mtu aliyewahi kulitamani koti kuliko Doreen Hrynkiw, mimi simjui, na sitaki kumjua, maana atakuwa mgonjwa. Koti lenyewe ni la kijani, lina jina la jimbo letu, Saskatchewan, kifuani na jina la mchezaji mgongoni, na haliuzwi dukani. Unalipata kwa njia moja tu: timu yako iwapige wanawake wote wa jimbo katika mchezo wa mawe, ule wa kutelezesha mawe mazito kwenye barafu hadi kwenye duara huku wenzako wakifagia njia, ndipo mwende kupambana na majimbo mengine mbele ya televisheni. Doreen alifika fainali ya jimbo mara nne akiwa nahodha. Mara nne alirudi hapa kwetu Vesna Creek na koti lake lile lile kuukuu, akaingia klabuni kwetu, akauliza kama kahawa bado ipo.

Halafu, alipofikisha miaka sitini na goti limeanza kumsumbua kila akiinama, koti likaja lenyewe. Aliyelileta ni Jolene Bartko, binti wa hapa hapa, ambaye Doreen alimfundisha tangu ana miaka tisa, wakati bado analisukuma jiwe kwa mikono miwili. Jolene na wenzake watatu waliutwaa ubingwa wa jimbo, na timu inaruhusiwa mtu wa tano, wa akiba, wa kukaa benchi. Akamtaja Doreen.

"Mimi tena? Kikongwe kama mimi? Mtawatisha watu bure."

"Kocha, usinitanie. Unakuja au huji?"

Angekataaje? Siku koti lilipofika alilivaa pale pale jikoni, mikono ina unga, na mumewe Orest akamzunguka kama anakagua trekta.

"Geuka. Geuka tena. Hee! Sasa na hili utalala nalo?"

"Nikilala nalo kuna ubaya gani? Nimelihangaikia kuliko nilivyokuhangaikia wewe."

Orest alicheka mpaka akakohoa. Lakini alimjua mke wake. Alijua kwamba koti peke yake halitamtosha, na kweli halikumtosha. Siku zile za mashindano, huko mashariki, Doreen alikaa benchi akiwamiminia wenzake maji, akiwashikia glavu, akipiga makofi hadi viganja vikawaka, na muda wote macho yake yako kwenye barafu. Alitaka jiwe moja. Alitaka kuchuchumaa pale mwanzo wa njia, aliachie jiwe kwenye barafu ile, mbele ya umati ule, aone linakwenda wapi. Basi. Hata likipotea, lipotee, ila liwe limetoka mkononi mwake.

Jolene hakuwa mjinga, aliyaona hayo. Usiku mmoja wakila akasema, "Kocha, sikiliza. Mechi ya mwisho, iwe isiwe, raundi ya saba unaingia. Mawe mawili ni yako."

"Hata kama mnapigwa?"

"Hata kama tunapigwa kama ngoma."

Doreen akasogeza sahani kando, akatoka nje. Alimpigia Orest simu kumwambia, na kumwambia Orest jambo ni kuliambia gazeti. Siku ya mechi ya mwisho klabu yetu ilijaa, watu wamebeba viti vyao wenyewe kutoka nyumbani, na mbele yao televisheni.

Mechi ilikuwa na jimbo la Manitoba. Nafasi ya kuendelea ilikwishapotea tangu juzi yake, kwa hiyo walikuwa wanacheza kulinda heshima tu, na hata hiyo heshima ilikuwa inavuja. Raundi ya sita, jiwe la mwisho la Jolene lilinasa unywele wa ufagio uliodondoka njiani, likayumba, likapita pembeni kama mlevi. Manitoba wakachukua pointi nne kwa mpigo. Ubao ukasoma tisa kwa mbili.

Benchini Doreen hakuutazama ubao. Alikuwa akitazama mawe yakisogezwa pembeni, na kichwani mwake mlikuwa na neno moja: saba. Alivua koti, akalikunja vizuri. Akainama, na siku hiyo hata goti hakulisikia. Kiatu cha kushoto cha mchezo huu kina soli laini ya kutelezea, nayo hufunikwa na kifuniko cha mpira ili mtu aweze kutembea bila kuanguka. Akauvua ule mpira, akauweka benchini. Akashika ufagio wake.

Sasa, watu wa mchezo huu tuna adabu yetu. Ukiona umezidiwa na hakuna namna, humalizi raundi zote kumi. Unavua glavu, unamwendea nahodha mwenzako, unampa mkono, na mechi imekwisha. Anayeng'ang'ania watu humwona hana malezi. Jolene alipokuwa na miaka tisa aligoma siku moja kutoa mkono, akalia, akapiga barafu kwa ufagio, na Doreen akamshika bega akamwambia: "Ukipigwa, umepigwa. Vua glavu, toa mkono, usiwapotezee watu muda wao. Na mkono ukishatolewa haurudi." Alimwambia hivyo msimu baada ya msimu, mpaka yakamwingia msichana kwenye damu.

Kwa hiyo Jolene alipoona tisa kwa mbili, kwa ile hasira na ile aibu ya jiwe lake, mkono wake ulikwenda wenyewe. Glavu ilishavuliwa. Doreen aliona. Alikuwa karibu, hatua chache tu, angeita angesikika. Akafungua mdomo, "Jo—", halafu akaufunga.

Nahodha wa Manitoba akaupokea mkono. Mechi imekwisha.

Doreen akauvaa mpira kwenye kiatu, akalikunjua koti, akalivaa, akaingia kwenye mstari wa kupeana mikono. "Mmecheza vizuri," akamwambia wa kwanza. "Mmecheza vizuri," akamwambia wa pili. Alitabasamu kwa wote, na aliyemwona angedhani ametoka harusini.

Baada ya mechi walioshinda huwanunulia vinywaji walioshindwa, wote wanakaa meza moja, ndivyo ilivyo. Walikuwa katikati ya vicheko Jolene alipoishusha glasi yake ghafla.

"Kocha. Mungu wangu. Raundi ya saba!"

"Raundi ya saba ndiyo nini?"

"Nilikuahidi. Nimesahau, Kocha, nimesahau kabisa, mimi ni—"

"Wewe mtoto, hebu kunywa. Goti lilikuwa linaniuma tangu asubuhi. Hata sikuwa nimejiandaa."

"Kweli?"

"Nikudanganye ili nipate nini?"

Jolene akashusha pumzi. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini, na nani angemlaumu.

Waliporudi tuliwafanyia karamu klabuni. Pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, zilikuwepo, kabichi za kufungia wali na nyama, soseji za kitunguu saumu, kila kitu. Lakini watu walikuwa wanamtazama Doreen kwa jicho la msibani. Yeye akazunguka meza kwa meza na hadithi yake ya goti, akiisimulia kwa mbwembwe, mara anachechemea, mara anajishika kiuno. Watu wanainamia sahani zao. Alipofika kwa Olga Sawchuk, mwanamke ambaye hajawahi kumeza neno tangu azaliwe, Olga akaweka uma chini.

"Goti, goti! Goti la nini? Doreen, sisi tulikuona."

"Mliniona wapi?"

"Kwenye televisheni! Walikumulika wewe. Tulikuona ukiuvua mpira kwenye kiatu. Hapa watu walikuwa wamesimama juu ya viti, mumeo analia kama mtoto." Olga akashusha sauti. "Halafu tukakuona ukiuvaa."

Jolene alikuwa amesimama nyuma ya Olga na sahani mkononi, amesikia kila neno. Akaiweka sahani mezani bila kuangalia anapoiweka. Akafungua mlango wa kwenye barafu, akaenda moja kwa moja kwenye ubao, akatundika namba: tisa, mbili.

"Raundi ya saba!" akapaza sauti. "Naurudisha mkono wangu. Kocha, njoo utupe mawe yako."

Watu wakashangilia, jamani, vigelegele na vishindo vya miguu. Mmoja akakimbilia mafagio. Orest alikuwa tayari analifuta jiwe kwa mkono wa shati lake. Doreen akasimama mlangoni, hakukanyaga barafu.

"Toa hizo namba."

"Kocha, tafadhali—"

"Nilikufundisha nini? Mkono ukishatolewa?"

Jolene akainamisha kichwa. "Haurudi."

"Haya."

"Lakini ulikuwa karibu yangu! Ungeniita. Ungetaja jina langu tu!"

"Ningekuita, ungeuvuta mkono mbele ya ulimwengu mzima. Nikufundishe utoto wote, halafu nikuvunjie mwenyewe?" Akaligusa goti lake. "Goti halikuwa linaniuma, Jolene. Nilitaka. Nilitaka hata nikajionea haya, mtu mzima kama mimi. Na bado nataka."

Hapo akalia. Alilia mbele yetu sote, bila kujificha, akafuta pua kwa mkono wa lile koti la kijani. Hakuna aliyethubutu kumshika isipokuwa Jolene, ambaye alimkumbatia na kulia naye, na wala hakumwambia mambo ya mwakani, maana wote wawili walijua mwakani hakuna.

Kisha Doreen akajitoa, akajipangusa uso.

"Weka sufuri kwa sufuri," akasema. "Tucheze mchezo wetu. Na huyu Olga mwenye mdomo awe upande ule, nimpige."

"Utanipiga na nini, na goti hilo?" Olga akajibu, akivuta makamasi.

Jolene akaenda upande wa pili, akasimamisha ufagio kumwonyesha pa kulenga. Doreen akauvua mpira kwenye kiatu, akachuchumaa, goti likalalamika, safari hii kweli. Akasukuma, akateleza, akaliachia. Jiwe likaenda taratibu, likakunja kidogo, likatulia katikati kabisa ya duara. Watu walipiga kelele mpaka bati la paa likaitika.

"Kocha! Umeliona?" Jolene alikuwa anarukaruka.

"Nimeliona."

Alibaki amepiga goti pale barafuni, mkono bado umenyooshwa mbele, na hakuinuka upesi. Jiwe lilikuwa limekwenda vizuri kuliko yote aliyowahi kutupa, na halikuwa lile la raundi ya saba.