Kilometa za Mtamba wa Emery

"Kweli tupu, mbele ya Mungu na mbele ya wafu wangu wote: hii gari iko mupya kama mutoto wa jana! Neno moja tu likiwa la uongo, nitalipa kwa mukono wangu mwenyewe!"

Ndivyo Muzee Anaclet alivyofungua kinywa uani kwa Josaphat, mtaani Saio, mjini Bunia, siku ya kupeleka mahari ya mjukuu wake Emery. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la udereva. Yeye ndiye msemaji wa upande wa bwana harusi, na mila ni mila: msemaji akiwa na neno, kijana ananyamaza. Emery aliketi kwenye kiti cha plastiki, macho kwenye viatu vyake.

Zamani wangeleta ng'ombe. Lakini ng'ombe wa ukoo wa Emery vita iliwakomba wote, isipokuwa jike mmoja aliyerudi peke yake akichechemea. Anaclet akampa jike huyo jina la Baki, akamweka kwa binamu yake. Basi Josaphat, baba yake Grâce, bibi harusi, akakubali gari badala ya mitamba, ila kwa sharti lile lile la mitamba: kiwe kitu ambacho hakijatumiwa na mtu.

Josaphat alilizunguka gari kama mtu aliye mnadani. Akalipapasa ubavu, akainamia magurudumu, mwisho akaingiza kichwa ndani na kuisoma saa ya kilometa.

"Muzee! Kilometa mia tisa? Huyu mutamba wenu amekwisha kuzaa?"

Watu waliangua kicheko. Jibu la kweli lilikuwa jepesi. Bunia hakuna gari linaloshuka kutoka mbinguni: kiwandani linajaribiwa, bandarini linasogezwa huku na huku, na kutoka Kampala hili lilikuja kwa magurudumu yake yenyewe, likapita mpakani Mahagi, mpaka hapa. Angesema hivyo tu, yangekwisha. Lakini Anaclet hakuwahi kukutana na ukweli akauacha upite bila kuuvalisha nguo.

"Mukwe wangu, weye hujaona bahari. Mule ndani ya meli, mawimbi yakipiga, gari inaenda mbele, inarudi nyuma, mwezi muzima! Magurudumu yanazunguka, saa inahesabu. Kapiteni mwenyewe analia: jamani, hizi gari zitafika mbele ya meli!"

Hata Josaphat alicheka. "Haya. Na tangu ifike hapa?"

"Tangu ifike? Imelala kwangu chini ya hema. Hata kuku hajaipanda!"

Emery alikohoa. Ufunguo ulikuwa kwa babu wiki nzima.

Na ndani ya wiki hiyo babu alikuwa amekwenda nalo Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu. Maisha yake yote ya kazi aliwaendesha wenye dhahabu, na bosi wake wa mwisho, alipomfukuza, alimwambia mbele ya watu: "Weye utakufa kwenye usukani wa wengine." Maneno hayo yalimkaa kooni kama mfupa. Akaona gari jipya, akaona ufunguo, akavaa koti. Alitaka kupita taratibu mbele ya geti la bosi huyo na kupiga honi, basi.

Geti lilikuwa limeng'olewa. Ndani, wageni walikuwa wakiosha mchanga kutafuta dhahabu. Bosi alikwisha kuzikwa, na hakuna aliyejua wapi. Anaclet alipiga honi hata hivyo. Mbuzi mmoja akageuka, akaendelea kula.

Sasa, pale uani, Fanny, dada yake Josaphat, alitoka jikoni na kreti ya soda. Akasimama.

"Eh! Si ni Muzee wa koti? Kaka, huyu ndiye aliyenibeba juzi na gari hii, toka Mongbwalu, na magunia yangu! Nikamusifia gari. Akaniambia: mama, ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu."

Josaphat alifunga mlango wa gari polepole.

"Fanny, rudisha soda." Akamgeukia mzee. "Kilometa za njia tungezipokea. Kampala iko mbali, siye tunajua. Lakini musemaji akidanganya kwenye mahari, nitaamini nini kingine? Chukueni gari yenu. Binti yangu anabaki."

Emery aliinua uso kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Alimtazama babu yake kama mtu anayemtazama abiria asiyemjua.

"Au," Josaphat akasema, "alipe uongo huu kwa mukono wake, kama alivyoapa."

Hakuna aliyeuliza mkono huo ulikuwa na nini. Wote walijua: Baki peke yake.

Anaclet alikwenda mwenyewe, kwa miguu, hadi kwa binamu yake kwenye njia ya Nyankunde. Jua lilikuwa linashuka aliporudi na Baki, wote wawili wakichechemea. Wakapita kando ya gari. Josaphat akamfungua ng'ombe mdomo, akatazama meno, akashika kiwele.

"Huyu amezaa?"

"Mara tatu," Anaclet akasema. "Muguu wa nyuma ni mubovu. Maziwa ni kidogo."

Safari hii hakuapa. Akampa kamba, na Josaphat akaipokea.