Darasa la Pili Halina Mtu

Marlys Voboril alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha basi la shule kwa kadi ya maktaba, maana kikwanguo kilivunjika juzi, ndipo simu ilipotetemeka mfukoni. Alikuwa Kayla Renner, mwalimu wa darasa la pili.

"Marlys, nimekwisha," Kayla alisema. "Niko sakafuni bafuni. Hakuna anayenihurumia ila hii sakafu."

"Tumbo?"

"Tumbo, kichwa, kila kitu. Wale watoto wameniambukiza. Darasa langu utampa nani?"

"Nitampigia Bi Ardith."

"Lakini jimbo si walisema kuanzia leo..." Kayla hakumaliza. Simu ilianguka, na Marlys akasikia mambo ambayo hakutaka kuyasikia, akakata.

Akapanda, akakaa nyuma ya usukani. Dereva wa shule za Wessel alikuwa ameacha kazi tangu mavuno, akaenda kuendesha malori ya mahindi kule kiwandani wanakolipa kama watu, na hakuna mwingine aliyejitokeza. Marlys ndiye aliyekuwa mkuu wa shule zote za wilaya, ndiye mwalimu mkuu, na sasa ndiye dereva. Juu ya hayo jimbo lilidai kila wilaya iwe na mratibu wa usalama, mratibu wa mahudhurio, mratibu wa lishe, mratibu wa walimu wa akiba na waratibu wengine ambao hata yeye aliwasahau. Wote hao walikuwa yeye. Kwa hiyo taarifa ya jimbo ya kila Jumatatu ilimfikia mara saba, na kila mara alitakiwa kuthibitisha kwamba amewajulisha wale wenzake sita.

Aliwazungusha watoto kwenye barabara za changarawe, akawashusha, akaingia ofisini na theluji yake. Jolene Stumpf, karani, alikuwa keshaifungua taarifa. Jolene alikuwa na desturi ya kuisoma kwa sauti ya mtangazaji wa bei za ng'ombe.

"'Wapendwa viongozi wa wilaya, tunayo habari njema,'" Jolene alisoma. "'Katika juhudi za kuwapunguzia mzigo, kuanzia leo hakuna mtu atakayeshika darasa bila cheti kipya cha mwalimu wa akiba, isipokuwa mwenye leseni awemo darasani.' Hapo mzigo umepungua wapi, mimi sioni."

"Ardith hajapata chake?"

"Atakipataje? Masomo amemaliza, mtihani kafaulu. Sasa mtandao unataka kumtumia namba ya siri kwenye simu ya mkononi. Ardith ana simu ya ukutani jikoni. Aliniambia ameikalia ile simu siku nzima, haikutema namba yoyote."

Marlys alivua glavu. Ardith Kucera alikuwa mjane wa mkulima, na amekuwa akishikilia madarasa Wessel tangu enzi ambazo nusu ya wajumbe wa bodi ya shule alikuwa anawafuta makamasi. Mwingine hakuwepo.

"Na yule wa jimbo anakuja leo," Jolene aliongeza. "Kijana wao wa kutembelea wilaya ndogo. Trent Ostrander. Anakuja kutuelezea hii taarifa ana kwa ana, na kuona kama tunaifuata."

Hilo lilimkalisha Marlys chini. Wessel ilikuwa na onyo moja tayari, kwa kuchelewesha ripoti wiki ile tufani ya theluji ilipokata umeme. Onyo la pili lingewaingiza kwenye majadiliano ya kuunganishwa na wilaya ya Bridger, kaunti mbili mbele. Majadiliano hayo kila mtu alijua yanakoishia. Shule ya Harmon ilijadiliwa ikafungwa, na sasa watoto wa Harmon wanapanda basi gizani, wanashuka gizani, na duka la mjini limekuwa stoo ya matairi.

"Mwite Ardith," alisema hatimaye. "Mwambie aje kama mgeni. Na mimi nahamishia ofisi yangu darasa la pili. Leseni yangu itakaa nyuma, yeye atakaa mbele."

Trent Ostrander alifika na tai, kompyuta na viatu vya mjini. Jolene alimpeleka moja kwa moja darasa la pili, ambako mkuu wa wilaya alikuwa amekaa nyuma kabisa, magoti karibu na kidevu, kwenye kiti cha mtoto wa miaka saba. Trent akapewa cha pembeni yake.

"Nilidhani tungekutana ofisini," alinong'ona.

"Ofisi ndiyo hii. Jisikie nyumbani."

Alifungua kompyuta juu ya mapaja, akaanza kumwonyesha picha zenye mishale na miduara. Mbele, Bi Ardith alikuwa amechora ng'ombe ubaoni.

"Una ng'ombe thelathini na wawili, unataka kuuza kumi na watano," alikuwa anawaambia watoto. "Mbili toa tano, haiwezekani. Unafanya nini?"

"Unakopa kwa jirani."

"Jirani anaitwa nani?"

"Makumi."

"Naye anakataa?"

"Hakatai."

"Hakatai, kwa sababu kesho na yeye atakuja kukopa. Andikeni."

Trent aliacha mishale yake. "Samahani, yule mama pale mbele ni nani?"

"Mgeni," Marlys alijibu.

"Mgeni anafundisha kutoa kwa kukopa."

"Ni mgeni anayejua kukopa."

"Ana cheti?"

"Leseni mimi ninayo, na niko humu ndani. Taarifa yenu inasema lazima mwenye leseni awemo. Haikusema akae wapi."

Trent aliisoma taarifa upya, kidole kikifuata mistari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kupokelewa na watu wenye hasira na kupewa kahawa mbaya. "Sawa," alisema mwishowe. "Nadhani sawa. Ili mradi hutoki."

Ndipo Jolene alipochungulia mlangoni.

"Bosi, Dustin Hruby kajifungia chooni. Darasa la nne liko peke yake. Anasema hatoki leo, na tumwambie mkewe kwamba anampenda."

Marlys alijinyanyua kwenye kile kiti kwa vipande vipande. Akamgeukia Trent. "Wewe una leseni ya ualimu?"

"Nilifundisha sayansi miaka mitatu. Lakini leseni yangu iliisha nilipohamia idarani. Sasa nina ya utawala."

"Ya utawala inatosha kukaa hapa nyuma?"

"Hilo ni swali zuri. Ngoja niulize." Alitoa simu, akainyanyua, akaizungusha hewani. "Hakuna mtandao?"

"Mtandao uko juu ya majukwaa ya uwanja wa mpira. Safu ya mwisho kabisa, upande wa jenereta."

Trent alitoka. Watoto walikimbilia dirishani wote kwa pamoja, wakamwona akivuka uwanja wenye theluji, akipanda majukwaa kwa mikono na miguu, tai ikimpiga usoni.

"Bi Ardith, yule mtu anakwenda wapi?" aliuliza msichana mmoja aitwaye Brynlee.

"Anakwenda kuomba ruhusa."

"Ya kwenda chooni?"

"Ya kukaa kwenye kiti, mwanangu. Rudini mkaketi."

Kule darasa la nne kelele zilikuwa zimefika hatua ile ambayo kinachofuata ni kilio. Marlys alisimama kwenye korido, mguu mmoja upande huu na mmoja upande ule, maana akiingia huku, kule hakuna mtu, na akirudi kule, huku hakuna mtu. Mtu alikuwepo, naye alikuwa anafundisha vizuri kabisa, lakini kwa mujibu wa taarifa ya Jumatatu ile hakuhesabika.

"Leteni viti," alisema. "Wote twende ukumbi wa chakula."

Jikoni, Lupe Arredondo alikuwa anakoroga sufuria kubwa ya maharage na nyama ya kusaga, na mikate ya mdalasini ilikuwa inaumuka kwenye sinia. Aliwaona wakiingia, darasa la pili na la nne, na viti vyao, na ng'ombe wa Ardith ambaye safari hii alichorwa kwenye ubao wa menyu.

"Marlys, sikiliza," Lupe alisema bila kuacha mwiko. "Kuna ugonjwa wa kutapika shuleni na wewe unaniletea watoto wote karibu na sufuria. Wakinitapikia hapa, mimi sisemi kitu. Nitavua aproni tu niende kwetu."

"Usiende kwenu. Nikikukosa wewe nitakuwa mratibu wa mikate pia."

"Mratibu wa lishe si ni wewe?"

"Kwa karatasi. Kuoka sijui."

Trent alirudi masikio mekundu kama nyanya. Alijipasha mikono kwenye mvuke wa sufuria kabla ya kusema.

"Wamenihamisha dawati hadi dawati. Wa mwisho amesema mwenye mamlaka ya kujibu swali hilo ni mratibu wa walimu wa akiba wa wilaya."

"Wa wilaya ipi?"

"Hii." Alitazama simu yake. "Anaitwa Marlys Voboril."

Lupe alicheka hadi akaweka mwiko chini.

"Basi mratibu amekuruhusu," Marlys alisema. "Kaa na darasa la nne."

"Shida ni kwamba mratibu kabla hajaruhusu lazima apate idhini."

"Ya nani?"

Trent alitazama simu tena. Alikuwa anaonekana kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza ingawa alikiandika mwenyewe. Papo hapo mtoto mmoja wa darasa la nne alisimama, akageuka rangi ya karatasi, akatapika juu ya kiatu chake cha kushoto.

Hakuna aliyemwambia la kufanya. Trent alimshika mtoto mabega, akamkalisha, akamuuliza jina, akamwambia si kitu, viatu vinaoshwa. Lupe alimtupia ndoo na unga wa mbao, naye akafagia. Baada ya hapo hakuulizwa tena leseni. Bi Ardith alimkabidhi kitabu cha vimbunga, naye akakaa sakafuni bila kiatu kimoja, akawaeleza darasa la nne jinsi hewa ya moto inavyopanda na ya baridi inavyoshuka, mpaka wakasahau kupigana. Mchana alikula maharage na mkate wa mdalasini, akaomba mwingine.

Alipokuwa anaondoka, Marlys alimsindikiza hadi kwenye gari.

"Niambie kweli," alisema. "Utatuandikia onyo?"

"Onyo?" Trent alionekana kaumia. "Mimi nitawaandikia vizuri. Hapa nimeona kitu, Marlys. Idarani hawajui mnavyoishi. Lazima wajue."

Alimaanisha, na Marlys aliliona hilo machoni mwake. Akaendesha basi jioni ile akiwa na moyo mwepesi, akiwashusha watoto kwenye vijia vyao mmoja mmoja kabla jua halijazama.

Jumatatu iliyofuata Jolene hakusoma kwa sauti ya mtangazaji. Aliigeuza kompyuta tu ili Marlys ajionee.

Jimbo lilikuwa limefurahishwa mno na ubunifu wa wilaya moja ndogo. Ubunifu huo sasa uliitwa Mfumo wa Wessel. Kila wilaya yenye uhaba wa walimu ilitakiwa, kabla ya Ijumaa, kuwasilisha Mpango wa Ukumbi wa Chakula, wenye ramani ya viti, umbali kutoka kwenye sufuria na jina la mratibu wa ukumbi. Mratibu huyo awe na cheti.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mkuu wa shule za Bridger.

"Marlys, nani kakutuma?" aliuliza. "Sisi hata ukumbi hatuna. Watoto wetu wanakula madarasani. Sasa natakiwa niseme sufuria iko wapi?"

"Sikuwatuma mimi."

"Jina lako liko juu ya ukurasa, dada. Kwa herufi kubwa."

Simu ya pili ilikuwa ya Trent, na sauti yake ilikuwa imejaa fahari. "Umeiona? Imepita mpaka kwa wakubwa. Wanataka uje makao makuu uwaelekeze wenzako. Alhamisi, siku nzima."

"Alhamisi basi litaendeshwa na nani?"

"Aa," alisema Trent.

"Na shule nani atashika?"

"Utahitaji mtu mwenye cheti," alisema taratibu, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Marlys, mimi nilidhani nawasaidia."

"Najua ulidhani. Ndiyo maana sikugombezi." Akamuaga kwa adabu, akaweka simu.

Dustin alikuwa bado hajapona. Darasa la nne lilikuwa limeshaanza kusogeza meza. Jolene alimtazama bosi wake. "Twende ukumbini? Si ndiyo mfumo wetu?"

"Hapana," Marlys alisema. "Wabaki darasani kwao. Ardith yuko wapi?"

"Anapaki gari."

Marlys alikwenda mlangoni mwenyewe, akamfungulia, akampokea koti. Akatembea naye hadi darasa la nne, na hakuingia. Alisubiri mpaka Bi Ardith aliposema habari za asubuhi na watoto wakaitikia, akaufunga mlango taratibu, akarudi ofisini na kukaa kwenye kiti chake cha watu wazima.

"Jimbo wanauliza nani yuko darasa la nne," Jolene alisema, vidole vikiwa juu ya vibonye. "Niandike nani?"

"Andika mwalimu."

"Nimeandika. Sasa wanataka namba ya cheti."

"Acha wazi."

Jolene aliacha wazi, akabonyeza. Kompyuta ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba haiwezi kuendelea. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Wakaiacha hapo na wekundu wake, Marlys akajimiminia kahawa, na kutoka mwisho wa korido ikaanza kusikika sauti ya watoto wakisoma kwa pamoja habari za mito ya jimbo lao, mto mmoja baada ya mwingine, kutoka magharibi kwenda mashariki.