Utawala wa Mzunguko Mmoja wa Kahawa

Nilitoka Malaz, Riyadh, kwa basi la Alhamisi. Ijumaa baada ya sala nilikuwa Baghdadiyah, Jeddah, sebuleni kwa Bi Ruqayya, nimekuja kumng'oa Zeinab kitini.

Zeinab ni muuguzi kutoka Pemba. Mwaka mzima alikuwa shaha wetu, mfalme wa washairi wa Kiswahili huku ugenini. Mimi sikufundishwa mizani na mtu. Nilijifunza mwenyewe juu ya ngazi, nikitengeneza viyoyozi. Nami nilishatangaza kwenye kundi la simu kwamba siku za Zeinab zimekwisha. Nikirudi mikono mitupu, nitachekwa kutoka mtaa wa Nuzha hadi Malaz.

Sheria yetu ni hii: ukishangiliwa, unakikalia kiti papo hapo. Ukijibiwa kwa vina vilevile kabla kahawa haijamaliza mzunguko, unashuka.

Nilimwimba Nhom, mfalme wa Wakhmeri. Habari zake nilipewa na Yusof wa Kambodia, fundi mwenzangu: kwamba miaka mia nne iliyopita alitawala kama miaka miwili, huku wengine wakidai kiti si chake, mpaka wakamwondoa. Nani amtungie shairi mfalme kama huyo? Mimi. Nikamaliza hivi:

*Hata miaka miwili, aliyekaa ni shaha.*

Sebule ilitikisika. Nikaketi kitini, nikakunja nne. Bi Ruqayya akaanza kugawa kahawa.

Kikombe kilikuwa kwa mtu wa sita Zeinab aliposimama, taratibu, akijifunga kanga. Beti tatu, vina vyangu vyote, na mwisho:

*Aling'olewa kwa kweli, hatumwiti kamwe shaha.*

Hata mimi nilipiga makofi. Nikashuka.

Bi Ruqayya alikuwa ameshafungua daftari la majina ya mashaha. Zeinab akamwambia asijisumbue kuniandika, huyu kijana hakufikisha hata vikombe saba.

Nikadakia: "Bi Zeinab, kama mimi sikuwa shaha, wewe umemng'oa nani?"

Akakitazama kiti, akanitazama mimi. Bi Ruqayya alicheka mpaka akaweka birika chini, na sebule nzima ikamfuata.

Zeinab akanyoosha mkono, akapewa kalamu.

"Haya, ulitawala. Nitajie jina, mwanangu, nisije nikakosea."

Nikamtajia langu, la baba, la babu, na la baba yake babu. Akayaandika yote.