Sauti ya Chombo

Watazamaji wa tamthilia yetu wanajua sauti ya chombo cha anga cha Nahodha ni ya yule mwigizaji mwenye koo la asali. Ni kweli, lakini yeye huingiza sauti yake wiki mbili baada ya sisi kumaliza. Siku ya kurekodi, Nahodha anaongea na mimi. Nakaa juu ya ndoo ya rangi nyuma ya ukuta wa mbao, daftari mapajani, namsomea maneno ya chombo naye ananijibu. Kazi yangu hasa ni ukarani wa hati: mwigizaji akitoka nje ya yaliyoandikwa, naandika alichosema. Ndiyo maana wananiita Mama Daftari, ingawa sijawahi kuzaa hata daftari lenyewe.

Miaka kumi na miwili mwanamume huyu ameuambia ukuta hofu zake na siri zake, na mimi niko upande wa pili nimeshika penseli. Nani asingependa? Nilimpenda, na sioni haya kusema. Kosa langu ni kwamba kila nilipotaka kumwambia nilijiuliza: kwani kesho hayupo? Na kesho alikuwepo, msimu baada ya msimu, mpaka alipotangaza kwamba amesaini kazi ng'ambo, miaka mitatu, na mwandishi akamtungia sehemu ya kuaga.

Asubuhi ya siku ya kurekodi sehemu hiyo alipita pale nilipokaa na suti yake ya anga, kikombe cha chai mkononi.

"Mama Daftari, leo usinilize."

"Nikulize mimi? Wewe unayelia hata kwenye tangazo la sabuni?"

Alicheka. Kisha akabaki amesimama, kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikajifanya natafuta ukurasa. Nilikufa na tai shingoni, na yeye akaenda zake.

Onyesho la kuaga tuliliweka mwisho. Nahodha ameshasaini kukabidhi chombo kwa mwingine. Anabaki peke yake, anaweka kiganja ukutani, anakiaga. Mara ya kwanza taa ilizimika. Mara ya pili seremala alipiga chafya, mwongozaji nusura amrushie kiti. Mara ya tatu kimya kilitanda, nikasikia kiganja kikigusa mbao karibu kabisa na sikio langu.

"Nimekuja kuaga," alisema.

Hati ilitaka nijibu: Safari njema, Nahodha. Nilikuwa nimeshayasoma maneno hayo mara mbili bila shida yoyote. Nikafungua mdomo, ulimi ukanitangulia.

"Usiende."

Nilisubiri mwongozaji anipigie kelele, lakini nadhani alikuwa ameuona uso wa Nahodha, akaiacha kamera iendelee. Nahodha alipojibu hakutumia ile sauti nzito ya kuigizia. Alitumia ile anayoombea chai.

"Ungesema kabla sijasaini."

"Kata!"

Watu wakapiga makofi. Mwongozaji alizunguka ukuta mbio, macho yamemjaa machozi.

"Hiyo ndiyo yenyewe! Na kwenye hadithi kweli kasaini, inaingia sawasawa! Mama Daftari, nisomee mlivyosema, neno kwa neno. Yule wa sauti lazima aipate hivyo hivyo."

Nahodha alikuwa amemfuata nyuma, kofia ya anga kwapani. Mtu wa mavazi alishaanza kumfungua zipu mgongoni, kwa sababu gari la uwanja wa ndege lilikuwa linaunguruma nje.

Niliandika kwanza, maana ndiyo kazi iliyonileta. Kisha nikasoma mbele ya watu wote:

"Chombo: Usiende. Nahodha: Ungesema kabla sijasaini."

"Ndivyo ulivyosema?" mwongozaji alimuuliza.

Nahodha alinitazama mimi.

"Ndivyo," alisema. Akakaa kwenye ile ndoo yangu, akavua buti za anga moja baada ya nyingine, akavaa viatu vyake vya safari.