Ndoo ya Shaba Mbele ya Basi

Basi la timu lilinikuta katikati ya barabara, ndoo ya shaba mkononi, na ndani ya ndoo hamna hata tone.

Nilisimama kama mti. Dimo, dereva, alifunga breki, akanitazama mimi, akaitazama ndoo, kisha akajitia kurekebisha kioo cha pembeni. Vijana walikuwa wakiimba. Wa viti vya mbele wakanyamaza, halafu wa katikati, halafu wa nyuma. Huku kwetu jambo hili halina haja ya kusemwa: anayekwenda kwenye jambo kubwa akakutana na chombo kitupu njiani, heri angebaki kitandani.

Na mwenye kazi ya maji ni mimi. Tangu nilipoolewa na Velko, mtunza uwanja wa timu yetu ya Wafumaji, kila timu ikienda ugenini mimi husimama langoni kwetu nikamwaga maji mbele ya magurudumu, ili mambo yao yateleze kama maji yanavyoteleza. Maji ya bomba la nyumbani hayafai. Sharti yatoke kwenye chemchemi ya mawe, ng'ambo ya barabara. Sikuwahi kukosa. Hata mwaka niliobeba mimba ya binti yetu Rumyana, miguu imenivimba kama maboga, nilisimama.

Jumamosi ile nilikuwa nimekwisha kumwaga. Asubuhi gari la wagonjwa lilimchukua Velko, moyo wake umechoka, na nilipoona wanaufunga mlango niliikamata ndoo nikaimwaga yote mbele ya gari lile. Kisha nikakaa kwenye ngazi, sijui kwa muda gani. Nilipokumbuka kwamba ni siku ya mechi na kuinuka nikachote mengine, basi lilikuwa limeshakata kona.

Tukafungwa mbili kwa moja. Goli la pili lilikuja dakika za majeruhi: mpira wa kona, beki wetu akauparaza kwa kichwa, ukalala nyavuni mwetu wenyewe. Sare tu ingetutosha. Sare ingetupa mechi ya mchujo wa kupanda daraja hapahapa nyumbani. Sasa tungeifuata kwa timu ya Wachimbaji, nyuma ya milima.

Mtu mwingine angesema ni mpira tu. Lakini Velko alilazwa hospitali, ghorofa ya tatu, na dirisha lake lilitazama uwanja wetu. Daktari alikuwa ameniambia kwenye korido, kwa sauti ya chini, nisihesabu wiki. Basi nikahesabu siku. Nilitaka zifike hadi Jumamosi nyingine, nimwekee mito mgongoni, awaone vijana wakiingia kwenye nyasi alizozikata maisha yake yote. Sikutaka kingine. Na ndoo yangu ndiyo iliyomnyima.

Jumapili nilimkuta Dimo kando ya kitanda, kaleta mbegu za alizeti kwenye gazeti lililokunjwa kama pembe, zile ambazo Velko huzitafuna uwanjani na kutema maganda hadi mwamuzi apulize filimbi ya mwisho.

"Hatukufungwa, mzee," Dimo alikuwa akisema. "Tulipitwa tu."

"Mlipitwa na nini, na treni?"

"Wale ndio vinara wa ligi, na walitoka uwanjani ndimi nje! Mashabiki wetu walibaki wakiimba nusu saa nzima. Tena mchujo unaanza upya, sifuri kwa sifuri."

"Na yule beki wenu?"

"Hajala tangu jana."

"Mwambie ale. Halafu aende kwa kasisi, kile kichwa kina shetani."

Wakacheka. Velko akacheka hadi kikohozi kikamkamata na mashine ikaanza kulia, na muuguzi akaja, akazitoa mbegu nje pamoja na Dimo, kama watoto waliopigana.

Tulipobaki wawili nilivua kitambaa cha kichwa, nikakikunja, nikakikunjua.

"Velko, ni mimi. Basi lilinikuta barabarani na ndoo tupu."

Aligeuza uso kwenye dirisha. Chini kule uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, na kwenye kona moja nyasi zilikuwa zimeota ovyo.

"Maji yalikwenda wapi?"

"Kwako. Gari lilipokuchukua."

"Yote?"

"Yote."

"Hata tone la vijana hukubakiza?"

"Sikubakiza."

Akafumba macho. Nilidhani amekasirika, mume wangu aliipenda timu ile kuliko chakula, na mara nyingine niliona kuliko mimi. Kisha mkono wake ukaanza kunitafuta juu ya shuka, ukapapasa, ukanipata.

"Bibi mjinga wewe," alisema, na midomo ilikuwa ikimcheza. "Ndoo ndiyo iliyopiga ule mpira wa kona?" Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa zikimjia kwa taabu. "Jumamosi uwape wao. Mimi nimeshapata yangu. Kwa Wachimbaji nyasi ni fupi, mpira utakimbia. Tutawafunga, utaona."

Alhamisi asubuhi akafa.

Tulimzika Ijumaa. Dimo alimtilia mfukoni mwa koti mbegu za alizeti, na hakuna muuguzi wa kumzuia. Rumyana alimwaga maji yote ya nyumbani, kama inavyofanywa akifa mtu, akavipindua vyombo vyote kifudifudi. Tangazo la msiba lenye picha yake tulilibandika langoni.

Jumamosi sikukusudia kutoka. Nilisikia basi likija, nikangoja lipite. Halikupita. Injini ikazimwa. Nilichungulia: vijana wamekaa, mashabiki nyuma yao na skafu zao, wote wanalitazama lango langu.

Dimo alisimama pale, kofia mkononi. "Mama, hatuondoki."

"Nimevaa nyeusi, Dimo. Nitawatia mkosi mwingine."

"Tumekubaliana wote. Hata kocha."

"Ndani hamna tone. Na chemchemi iko ng'ambo. Unataka nikatize tena mbele yenu na ndoo tupu?"

Dimo alikuna kichwa, akalitazama basi lake kuanzia mbele hadi nyuma. "Pita nyuma, mama. Ya nyuma haihesabiwi."

Nikapita nyuma. Maji ya kiangazi ni membamba. Ndoo ilijaa polepole, na hakuna aliyenihimiza. Nilirudi kwa njia ileile, nikasimama mbele ya magurudumu, nikamwaga. Yalitambaa vumbini, yakapita chini ya basi. Beki yule alikuwa kiti cha mbele, kabana mikono magotini, anayafuata kwa macho.

Wakaondoka. Walipofika kwenye kona ndipo nikasikia wimbo.

Nilibaki na ndoo tupu. Nikaificha nyuma ya gauni hadi barabara ilipokuwa haina mtu, nikavuka, nikaijaza tena hadi ukingoni. Nikaiweka chini ya picha ya Velko, langoni, ili jioni wakirudi, vyovyote watakavyorudi, waikute imejaa.