Kinubi Karibu na Moto

Kabla hakujapambazuka nilisikia ting', kisha kimya, kisha ting' tena. Mume wangu Jilala alikuwa jikoni anapasha moto kinubi chake. Alikitengeneza mwenyewe kwa kibuyu na ngozi ya ng'ombe. Ngozi ile ikipata unyevu hulegea, sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua.

"Leo anaingia kanisani na sauti yangu," aliniambia.

Mjukuu wetu Milembe alimwomba hivyo tangu utotoni, tukichuma pamba hapa Nkoma. "Guku, siku yangu utanipigia mpaka madhabahuni." Na alipokuja kutuaga alirudia maneno yaleyale.

Kanisani Bariadi mchungaji alimwekea Jilala kiti mbele. Alisema hata Daudi alipiga kinubi. Lakini msafara wa bwana harusi ulichelewa, mvua ikanyesha na kuingia madirishani. Jilala alipogusa uzi haukulia. Vijana wa kwaya wakacheka.

"Babu, redio yako imeisha betri!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapika pilau nyuma ya kanisa hakucheka. Aliitwa Shida, wala hatukumjua. Alileta makaa kwenye sufuria bovu, akaliweka miguuni pa Jilala, akarudi kuongeza mengine. Ngozi ikakaza. Jilala akapiga kidogo, na wale vijana wakanyamaza.

Ndipo akafika Novatus, baba wa bwana harusi. Ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba, yeye alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza kuja vijijini kwetu na lori lake. Nyuma yake vijana wake walibeba kinanda cha umeme, spika na jenereta.

"Hiki cha waganga kimeingia na nani humu?"

"Na mimi," mchungaji akajibu.

"Mchungaji, nimekodi kinanda kutoka Mwanza. Wageni wangu wametoka mbali. Mzee, usituaibishe."

Jilala hakuinuka. Mchungaji akasema, "Basi bibi harusi achague mwenyewe."

Milembe alikuwa mlangoni, pindo la shela limelowa. Alimtazama babu yake na makaa yake. Akamtazama baba mkwe.

"Kinanda," alisema.

Jilala aliweka kiganja juu ya nyuzi zisije zikalia, akakiweka hapo mpaka ibada ikaisha.

Kwenye gari Milembe alishusha kioo. "Guku, usikasirike. Mje Mwanza mtutembelee."

Jilala alilichomoa pindo la shela lililobanwa na mlango, akalipangusa tope. "Nenda salama," akasema.

Shida alitusindikiza hadi kwenye magari. Kinubi alikifunika kwa khanga yake, yeye akalowa.

Milembe hajaja tangu siku ile. Nasikia gari lao hupita Nkoma kila msimu wa pamba.

Aliyekuja ni Shida, wakati wa palizi, na sukari kwenye karatasi. Nilimkaribisha kwa viazi. Jilala alikishusha kinubi ukutani, akakipasha moto taratibu, akampigia wimbo wote wa bibi harusi, wa kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Shida alisikiliza bila kugusa chakula.

Alipoaga, Jilala alimshika mkono, hakuuachia.

"Wabeja, asante sana, mwanangu. Uje tena. Usikae sana, uje tena."